Sherehe ya Akina Sheridan na Msiba wa Bondeni

Waandishi wengi wa hadithi fupi humwua mtu mwishoni, pale ambapo kisa kimekwisha kufika kileleni na hakuna njia nyingine ya kukishusha. Katherine Mansfield, katika hadithi yake "The Garden Party" iliyochapishwa mwaka 1922, alifanya jambo gumu zaidi: aliileta habari ya kifo katikati ya matayarisho ya sherehe, kifo cha mtu ambaye msomaji hajawahi kumwona akiwa hai, kisha akaiacha sherehe iendelee mpaka mgeni wa mwisho alipoaga. Nimeisoma hadithi hiyo mara nyingi, na kila msimu wa korosho unapofika hapa Mtwara, fedha zinapoingia mikononi na shughuli za harusi na ngoma zinapofuatana, huwa naikumbuka, kwa kuwa huo ndio msimu ambao msiba na sherehe hukutana katika mtaa mmoja na kila mtu akalazimika kuamua la kufanya.

Kwa asiyeifahamu, kisa chenyewe hakina mambo mengi. Familia ya Sheridan, watu wenye uwezo, inaandaa sherehe ya mchana katika bustani ya nyumba yao iliyo juu ya mteremko, katika mji unaofanana sana na Wellington, New Zealand, alikozaliwa mwandishi. Kabla ya wageni kufika, inapatikana habari kwamba kijana mmoja aitwaye Scott, mwendesha mkokoteni wa farasi anayeishi katika vibanda vya bondeni, amekufa asubuhi hiyo: farasi wake alishtushwa na mtambo wa mvuke barabarani, naye akarushwa akaangukia kisogo. Ameacha mke na watoto watano wadogo. Laura, mmoja wa mabinti wa nyumba ile, anataka sherehe ivunjwe. Mama yake na dada yake hawataki. Sherehe inafanyika na inafana. Jioni mama anamtuma Laura apeleke kapu la vyakula vilivyobaki kwa wafiwa, naye huko anaonyeshwa maiti, anatoka akilia, na njiani anakutana na kaka yake Laurie.

Hadithi inaanza na turubai. Asubuhi, hata kabla watu hawajamaliza kifungua kinywa, mafundi wanne wamekwisha kufika kulisimamisha, na Laura anatumwa kwenda kuwaonyesha mahali, akiwa bado ameshika kipande chake cha mkate na siagi. Mmoja wa mafundi anainama, anafikicha kijitawi cha lavenda na kunusa vidole vyake, na binti yule wa kitajiri anashangaa kugundua kwamba fundi anaweza kujali harufu ya ua. Huenda kwa msomaji wa mbali turubai hilo ni sehemu ya mandhari tu, lakini msomaji wa huku kwetu hawezi kulipita hivihivi. Turubai linalofungwa Ijumaa kwa ajili ya akdi ndilo linalofungwa Jumatatu kwa ajili ya hitima. Viti vya plastiki ni vilevile, na jina la mwenye kuvikodisha limeandikwa kwa rangi mgongoni. Masufuria makubwa ni yaleyale, na mara nyingi hata wapishi ni walewale. Mpita njia akiliona turubai kwa mbali, pasipo muziki wala kilio, hawezi kujua anakaribia furaha au huzuni mpaka atazame wanawake wamejifunga vipi kanga zao na wanaume wamekaa mkao gani. Mansfield hakuwa na desturi zetu akilini alipoandika, ila amelisimamisha turubai mlangoni mwa hadithi yake, na habari ya maiti inafika kabla halijateremshwa.

Namna habari hiyo inavyoingia nyumbani ni mahali ambapo ustadi wake unaonekana waziwazi. Laura na dada yake Jose wametoka kula keki za krimu zilizoletwa kutoka dukani, asubuhi ambayo si wakati wa kula keki, na kumbukumbu ya krimu bado iko vidoleni, wanapoukuta mlango wa nyuma umezibwa na watu. Mpishi anatoa mlio kama kuku aliyeshtuka, mtumishi wa kike amejishika shavu kama anayeumwa jino, na yule mtu wa duka la keki anasimulia ajali. Mwandishi anatuambia kwamba yeye peke yake ndiye aliyeonekana kufurahia, kwa sababu kisa kilikuwa chake. Yeyote aliyewahi kukaa kijiweni ajali ikisimuliwa anamfahamu mtu huyo: ndiye aliyepita pale mwanzo, ndiye aliyeuona mwili ukiinuliwa, na kwa saa nzima anakuwa mtu muhimu kuliko wote kwa kuwa mwingine amekufa. Hana ubaya moyoni. Yu hai tu, na habari aliyoibeba inamfanya ajihisi yu hai zaidi. Muda mfupi kabla ya hapo Jose alikuwa akijaribu sauti yake kwa wimbo wa majonzi juu ya uchovu wa maisha na tumaini linalokufa, na ulipokwisha akatabasamu kwa furaha kubwa. Huo ndio umbali uliopo kati ya nyumba ile na mauti, kwamba yanaimbika.

Laura anapomkimbilia mama yake na kumwambia kuwa mtu amekufa, swali la kwanza la mama ni kama imetokea bustanini mwao. Akisikia kwamba sivyo, anashusha pumzi, na kuanzia hapo hakuna kitakachomtikisa. Hoja yake ni kwamba wamezipata habari hizi kwa bahati tu. Lau mtu angekufa kule bondeni kwa njia ya kawaida, wasingejua, na sherehe ingefanyika bila mtu yeyote kuona kosa. Nimeipinga hoja hiyo kichwani mara nyingi, na si nyepesi kuivunja, kwa sababu ni kweli kwamba hakuna siku isiyo na maiti mahali fulani, na kama kila kifo kingesimamisha shughuli, hakuna ambaye angeoa. Kasoro ya mama yule haimo katika mantiki yake. Imo katika swali lake la kwanza, kwani ameuchora mpaka wa ubinadamu juu ya uzio wa bustani, na kilicho nje ya uzio ni habari tu, hata kikiwa ni baba wa watoto watano.

Huku kwetu mpaka huo upo pia, ila umechorwa mahali pengine. Niliwahi kushuhudia hapa Chikongola harusi ambayo ilikuwa imesubiri malipo ya korosho, sare zimekwisha kushonwa, spika zimekwisha kufungwa chini ya mwembe, na alfajiri ya siku yenyewe mzee wa nyumba ya tatu akafariki. Wazee wa pande zote mbili walikaa barazani pamoja na mwenyekiti wa mtaa, kahawa ikapita, na uamuzi ukatoka kabla jua halijawa kali: akdi ifungwe, kwa kuwa ni ibada na haina sababu ya kuahirishwa, chakula kiliwe, kwa kuwa moto umekwisha kuwashwa, lakini spika zisifunguliwe, na bibi harusi apitishwe njia ya nyuma bila vigelegele. Vijana waliokuwa wamefunga turubai la harusi walichukua majembe wakaenda makaburini, na bwana harusi mwenyewe alilibeba jeneza begani kwa hatua kadhaa kabla ya kurudi kuoga na kuvaa kanzu yake. Baada ya maziko nilimwona mmoja wa wachimba kaburi akila pilau ya harusi, amechuchumaa pembeni mwa turubai, udongo umemkaukia miguuni hadi magotini, na hakuna aliyeona ajabu. Sisemi kwamba wote waliridhika. Mwenye spika alidai malipo yake yote, na shangazi mmoja wa bibi harusi, ambaye sare ilikuwa imemgharimu, alinong'ona kwamba marehemu naye alikuwa na siku nyingi nyingine za kufa.

Jambo ambalo halikuamuliwa barazani siku ile, kwa sababu hakuna aliyelihitaji, ni mpaka unafika wapi. Nyumba ya tatu inazima muziki. Je, nyumba ya ishirini? Na mtaa wa pili? Kwa kadiri ninavyoona, kipimo tunachokitumia bila kukitaja ni sauti: anayeweza kusikia muziki wako akiwa katika kilio chake ndiye jirani yako. Na hicho hasa ndicho kipimo anachokitumia Laura, kwani anachomwambia dada yake ni kwamba wafikirie bendi itasikika vipi masikioni mwa mwanamke yule aliyefiwa. Ni hoja ya mtoto, haina falsafa ndani yake, na ndiyo hoja pekee ya maana inayotolewa katika nyumba ile siku nzima. Wala tusijisifu kupita kiasi. Hata hapa Mtwara zipo nyumba zenye nyua pana na kuta ndefu, ambazo wageni wake huingia kwa gari na kutoka kwa gari, na ukimwuliza mwenyeji nani amefiwa nyuma ya ukuta wake hataweza kukujibu.

Laura hashindwi kwa hoja. Anashindwa kwa kofia. Mama yake anavua kofia yake mwenyewe, nyeusi, iliyopambwa kwa maua ya dhahabu na utepe mrefu wa mahameli, anamvika binti, na Laura akiingia chumbani mwake anaona katika kioo msichana mzuri asiyemtarajia. Anawaza tena, kwa nukta chache, juu ya mwanamke yule na watoto wake na mwili unaobebwa kuingizwa ndani, lakini picha yenyewe imekwisha kufifia, kama picha ya gazetini. Atalikumbuka jambo hilo sherehe ikiisha. Mwandishi hamlaumu. Angeweza kuandika kwamba uhai ni wa kikatili, au kwamba vijana hawana huruma, na hakuandika chochote cha namna hiyo. Anatuonyesha tu kwamba mwili wenye afya, wenye umri mdogo, uliovikwa kitu kizuri, hauna nafasi ya kutosha ya kuyaweka mauti ya mtu mwingine kwa zaidi ya dakika chache, na kwamba huo ndio uhai unavyojilinda. Kila ninaposoma sehemu hiyo nakumbuka tunavyorudi kutoka makaburini: kwenda tunakwenda kimya, au kwa dhikri, kurudi, kabla hata hatujafika barabara kubwa, mtu amekwisha kuuliza bei ya korosho mnadani imefika ngapi.

Kisha kuna kapu. Mimi hufundisha fasihi, na nina mazoea mabaya ya kuwasimulia majirani hadithi ninazowasomesha wanafunzi. Jioni moja, akina mama wa jirani wakiwa barazani wanabangua korosho, mikono imeingia weusi wa mafuta ya maganda, niliwasimulia kisa hiki mpaka pale mama Sheridan anapoyatazama mabaki yaliyo mezani, keki na mikate iliyojazwa vitu ndani, na kusema kwamba wamjazie kapu yule maskini. Kazi ilisimama.

"Makombo?" akauliza mmoja. "Mwalimu, anapeleka makombo msibani?"

Nilijaribu kumtetea mama Sheridan, nikasema kwamba vilikuwa vyakula vizuri ambavyo havikuguswa, lakini utetezi wangu ulizidisha hasira, kwa sababu kila mmoja pale alijua kinachopelekwa: unga, mchele, sukari, kuni, ndoo ya maji kichwani, shilingi zilizokunjwa ndogo ndani ya kiganja, na zaidi ya vyote, mikono yako miwili ya kukaa nayo jikoni kwa wafiwa mpaka usiku. Keki iliyobaki haimo. Sikuwaambia bado kuhusu maua: kwamba mama alifikiri pia kupeleka mayungiyungi, kisha Jose akakumbusha kuwa mabua yake yangechafua gauni la lesi la Laura, na maua yakaachwa. Nilipowaambia, walicheka, kicheko kile cha kukata tamaa na watu.

Bibi mmoja, ambaye muda wote alikuwa kimya, ndiye aliyeuliza swali ambalo halijawahi kuulizwa darasani mwangu. Alitaka kujua mjane alikuwa amekaa na nani. Nikamjibu kwamba alikuwa na dada, na kwamba dada huyo ndiye aliyempokea Laura mlangoni. "Basi alikuwa na mtu," akasema, akaendelea kubangua. Nilikwenda kuitazama upya sehemu hiyo usiku uleule, kwa kuwa Mansfield amemchora dada huyo kwa wino usio wa upendo: amempa sauti laini yenye mafuta, tabasamu la kujipendekeza, na namna ya kumsukuma mgeni ndani ambayo inamfanya Laura atake kukimbia. Wakati wote msomaji anaona kwa macho ya Laura, na Laura anamwogopa. Lakini ukimtazama kwa macho ya bibi yule wa barazani, mwanamke huyu ndiye pekee katika hadithi nzima anayefanya kazi ya msiba. Anafungua mlango, anapokea kapu, anamwombea radhi mfiwa ambaye hawezi kusema, anamwongoza mgeni kwa maiti na kuifunua shuka. Nadhani hapa mwandishi alimdhulumu kidogo, au alimwacha Laura amdhulumu.

Nyumba hiyo ya bondeni ina nyuso mbili, na uhusiano wa mauti na uhai ambao hadithi imeutafuta toka mwanzo uko kati ya nyuso hizo. Uso wa kwanza ni wa mjane. Amekaa mbele ya moto katika jiko dogo lenye taa ya moshi, uso umevimba, mwekundu, macho na midomo imefura, na anapomtazama Laura ni kama haelewi kwa nini mgeni huyu amesimama jikoni kwake na kapu, wala haya yote yana maana gani. Mwandishi anampa mistari michache tu, kisha mjane anaufumba tena uso wake kwa kilio na hatumwoni tena. Uso wa pili ni wa marehemu. Ni kijana, amelala usingizi mzito hata yuko mbali sana na wote waliomo chumbani, ametulia, na Laura anamwona mzuri wa ajabu. Anauona uso huo kama unaosema kwamba kila kitu kiko sawa na kwamba yeye ameridhika. Sherehe na makapu na magauni ya lesi havimhusu tena. Binti aliyekuja akiwa na hofu ya kuona kitu cha kutisha anakuta kitu kizuri, na hawezi kufanya lolote ila kulia na kumwomba maiti amsamehe kwa ajili ya kofia yake.

Hapo ndipo ninapogombana na hadithi, au na wale wanaoisoma kana kwamba ujumbe wake ni uzuri wa kifo. Mwandishi alitwambia mapema, kwa kinywa cha mtu wa duka la keki, kwamba Scott aliangukia kisogo. Dada anapoifunua shuka anamhakikishia Laura kwamba marehemu anapendeza na hakuna kinachoonekana. Bila shaka hakuna kinachoonekana: jeraha liko nyuma, limelalia mto. Siamini kwamba mwandishi makini kama huyu alichagua kisogo kwa bahati. Uzuri anaouona Laura ni wa kweli, lakini ni uzuri wa upande mmoja, upande unaoelekezwa kwa mgeni. Waosha maiti wa huku wanalijua hilo kuliko mhakiki yeyote, kwa kuwa wao ndio wanaoufumba mdomo, wanaoyashusha makope na kuweka pamba mahali pake, hata ndugu wakiingia kuaga waseme kwamba amekaa vizuri, kama aliyelala. Ni sadaka wanayowapa walio hai. Marehemu haihitaji.

Kwa hiyo mambo yamegeuka juu chini. Mchana kutwa, kule juu, uhai ndio uliokuwa mzuri, wenye maua na kofia na bendi, na kifo ndicho kilichokuwa kitu kibaya kisichotakiwa bustanini. Kule chini kifo ndicho kizuri, na uhai ndio uliovimba uso. Anayeteseka nyumbani mle yu hai. Ana watoto watano wa kulisha kesho asubuhi, na hatuwaoni hata mmoja wao. Mwandishi amewaficha kabisa, jambo ambalo akina mama wa barazani hawakulisamehe. Kwetu mjane angekuwa chumba cha ndani, juu ya mkeka, ameanza eda yake ya miezi minne na siku kumi, na nyumba nzima ingekwenda na kurudi pembeni mwake huku yeye akiwa ndiye asiyekwenda popote. Hapo ndipo ninapoyaona mauti, na si juu ya kitanda, maana aliye kitandani amekwisha kuyamaliza.

Tuna msemo wa kuwapa pole wafiwa, kwamba kazi ya Mungu haina makosa, nami nauheshimu, maana nimeuona ukiwasimamisha watu waliokuwa wanaanguka. Hata hivyo uso wa Scott, jinsi Laura anavyousoma, unasema jambo la karibu na hilo, kwamba kila kitu kiko sawa, na nimetambua kwamba maneno hayo hubadilika uzito kufuatana na anayeyatamka. Akiyatamka mjane mwenyewe ni imani. Akiyatamka mgeni aliyevaa kofia, ambaye baada ya dakika kumi atakuwa anapanda mteremko kurudi nyumbani, ni njia ya kutokea.

Kuna namna nyingine ya kuyaweka mauti na sherehe pamoja, na wenzetu wa uwanda wa juu, upande wa Newala na Tandahimba, wanayo tangu zamani. Vijana wa Kimakonde wanapotolewa jandoni, katikati ya furaha hiyo hucheza lipiko, mtu aliyefunikwa mwili wote na kuvaa kinyago cha mti mwepesi kinachomeza kichwa kizima, chenye chale usoni na mara nyingi nywele halisi za binadamu, naye huona kupitia mdomo wa kinyago. Zamani wanawake na watoto waliambiwa kwamba ndani hamna mtu, kwamba huyo ni mfu aliyeinuka. Anakurupuka, wanawake wanakimbia, wanarudi na nyimbo, anawakurupukia tena. Tazama tofauti: katika bustani ya Sheridan jitihada zote ni kumzuia mfu asifike shereheni, na katika uwanja wa Kimakonde sherehe haijatimia mpaka mfu afike na acheze. Sitaki kusema kwamba kinyago kinamfariji mjane wa mtu yeyote. Ninachosema ni kwamba mtoto aliyekua akimwona mfu akicheza ngoma mbele ya mama yake hawezi kushangaa, kwa mshangao ule wa Laura, kwamba siku moja inaweza kubeba vyote viwili.

Na mshangao huo ndio aliokusudia Mansfield. Mwezi Machi 1922 alimwandikia mwandishi mwenzake, William Gerhardi, akamweleza kwamba alitaka kuonyesha wingi wa mambo ya maisha na jinsi tunavyohangaika kuyapatia yote nafasi, kifo kikiwemo; kwamba msichana wa umri wa Laura huona mambo yangepaswa kuja kwa zamu, hili kwanza na lile baadaye; na kwamba maisha hayako hivyo, wala upangaji wake hauko mikononi mwetu. Aliyekuwa akiyasema hayo hakuwa mtazamaji wa mbali. Mdogo wake wa kiume, Leslie, alikufa Ubelgiji mwaka 1915, bomu la mkono lilipolipuka akiwafundisha askari wenzake kulitumia. Yeye mwenyewe aligunduliwa kuwa na kifua kikuu mwaka 1917, na hadithi hii aliiandika Uswisi mwaka 1921, alikokwenda kutafuta hewa ya milimani kwa ajili ya mapafu yake. Alifariki Ufaransa tarehe 9 Januari 1923, akiwa na umri wa miaka 34. Kwa hiyo bustani ile, na maua yake, na mwanga wa asubuhi isiyo na upepo, iliandikwa na mtu aliyejua kwamba yuko upande wa Scott kuliko upande wa Laura, naye akaamua kuitazama kwa macho ya Laura. Labda ndiyo sababu amempa marehemu utulivu mkubwa kiasi kile. Mtu anayekohoa damu ana haki ya kuutamani, na mbele ya haki hiyo ugomvi wangu na ukurasa ule unapungua, ingawa hauishi.

Mwisho wa hadithi umejadiliwa sana. Laura anamkuta Laurie kwenye pembe ya kichochoro. Amekuja kumtafuta kwa kuwa mama ameanza kuwa na wasiwasi. Anamkumbatia, analia, anajaribu kumwambia maisha ni kitu gani, na hawezi kuimaliza sentensi. Mwandishi anasema kwamba haidhuru, Laurie alielewa kabisa, na Laurie anamjibu kwa upole kwamba ndivyo yalivyo. Wanafunzi wangu wengi hukubali kwamba alielewa, kwa sababu wameambiwa hivyo. Mimi sikubali. Laurie hakuingia katika nyumba ile. Hakuuona uso uliovimba mbele ya moto, hakuuona uso ulio juu ya mto, hakupita kati ya watu waliokusanyika nje ya mlango, wala hakupita mbele ya yule kikongwe aliyekaa kitini na mkongojo wake, miguu ameiweka juu ya gazeti. Alisimama barabarani, akauliza kama hali ilikuwa ya kutisha, akapata jibu kwamba ilikuwa ya ajabu, na akatoa jibu ambalo kaka yeyote mwenye malezi mema angelitoa kwa dada anayelia. Sentensi ya Laura imebaki wazi, na aliyekuwa na uwezo wa kuimalizia alikuwa bado jikoni, mgongo ameupa mlango.